Mnara umesimama, taa inawaka, simu hazishiki: nini kinangojewa?

Swali: "Mnara wa simu ulisimamishwa kijijini kwetu kabla ya masika. Usiku taa nyekundu inawaka, lakini mpaka leo simu hazishiki. Watu bado wanapanda kilimani kutafuta mtandao ili watume pesa. Mafundi walikuja wakaondoka bila kueleza kitu, na wananchi wananiuliza mimi. Kinangojewa nini, na serikali ya kijiji inaweza kufanya nini?" Anayeuliza ni mtendaji wa kijiji katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto.

Ndugu Mtendaji, pole kwa kubebeshwa swali ambalo majibu yake wanayo watu wengine. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu ukijua kituo kimekwama hatua gani, utajua barua yako iende kwa nani.

Chuma ulichokiona kikipanda ndiyo sehemu rahisi. Baada ya msingi kukauka (zege tunalipimia nguvu yake kamili kwa siku 28), timu nzuri inasimamisha mnara kwa muda mfupi. Lakini mnara ni kishikizo tu. Simu inaitikiwa na redio, redio inaishi kwa umeme usiokatika, na mazungumzo yanayopokelewa na redio lazima yapate njia ya kufika kwenye mitambo mikuu ya kampuni, mbali na hapo. Kwa uzoefu wangu wa kufunga vituo hivi, kinachochelewesha ni umeme na njia hiyo. Chuma hakichelewi.

Kwa hiyo kabla hujaandika barua yoyote, nenda mchana, simama nje ya uzio, utazame juu.

Taa nyekundu iache kwanza. Ile ni ya usalama wa ndege, kama zilivyo rangi za mnara, na ni sharti la mamlaka ya usafiri wa anga. Mara nyingi ina paneli yake ndogo ya sola na betri yake, haitegemei kitu kingine chochote kilichomo ndani ya uzio. Inaweza kuwaka mwaka mzima kwenye mnara usio na redio hata moja.

Tafuta antena. Ni vibao virefu vyembamba, vimesimama wima karibu na kilele, kwa kawaida pande tatu, kila upande ukitazama theluthi moja ya mzunguko. Kama havipo, mpangaji hajahamia. Minara mingi Tanzania si mali ya kampuni ya simu unayoijua kwa laini yake. Zipo kampuni za minara, Helios Towers ni mojawapo, zinazojenga na kupangisha nafasi kwa kampuni moja ya simu au zaidi. Mnara mtupu maana yake mwenye nyumba amemaliza na mpangaji bado, na wa kuulizwa ni mpangaji. Jina la mwenye mnara na namba ya kituo vimeandikwa kwenye kibao cha langoni. Namba hiyo iandike mahali, kwa sababu makao makuu hawatafuti kituo kwa jina la kijiji.

Kama vibao vya antena vipo, angalia kama nyuma yake au chini kidogo kuna visanduku vizito vyenye mapezi ya kupozea joto. Hizo ndizo redio zenyewe. Zamani redio zilikaa kwenye kabati chini, na kebo nene za shaba zikapandisha mawimbi mpaka kwenye antena. Tatizo ni kwamba mita 50 za kebo hiyo kwenye masafa ya megahezi 1800, pamoja na vipande vya kuunganishia, zinakaribia kula nusu ya nguvu kabla haijafika angani. Ndiyo maana siku hizi redio inapandishwa juu kabisa, inapelekewa waya wa umeme na uzi wa faiba, na kebo nene inabaki mita chache tu. Ukiona vibao bila visanduku, na chini hakuna kabati kubwa, ufungaji umeishia katikati.

Sasa tafuta dishi. Linafanana na ngoma ya duara iliyowambwa kitambaa cheupe au kijivu, nalo limeelekezwa upande mmoja tu. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu katika milima kama yenu ndipo miezi inapopotelea.

Kituo cha kijijini kinaunganishwa kwa njia tatu: faiba, ambayo kwa sehemu kubwa ya nchi inafuata Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano na matawi yake, setilaiti, au dishi la mawimbi ya mikrowevu linalozungumza na dishi jingine kwenye mnara wa mbali. Faiba ni bora, lakini kuichimbia njia kupanda Usambara ni kazi ya gharama. Setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta inafanya kazi popote, ila sauti inachukua kama robo sekunde kwenda upande mmoja, na bei ya kuitumia ni ya kila mwezi, milele. Kwa hiyo kampuni hupenda dishi. Na dishi lina sharti moja lisilobembelezwa: lazima lionane na mwenzake.

Kuonana huku si kuonana kwa macho peke yake. Mawimbi hayasafiri kama uzi, yanajaza umbo lililotuna katikati na kuchongoka kwenye ncha. Chukua njia ya kilomita 25 kwenye masafa ya gigahezi 7. Katikati ya njia, umbo hilo lina nusu kipenyo cha mita 16 hivi, na mhandisi anayepanga mtandao anataka angalau asilimia 60 ya hiyo iwe wazi. Mlima haukui, lakini mikaratusi inakua, na kwa kasi. Njia iliyopimwa ikiwa wazi miaka michache iliyopita inaweza kukutwa imezibwa na shamba la miti la mtu ambaye hajui kabisa kwamba yuko katikati ya mazungumzo ya vijiji viwili. Ikitokea hivyo, kampuni inabaki na uamuzi wa kuongeza urefu wa mnara, kupitia mnara wa tatu, au kuzungumza na mwenye miti. Jambo hilo la mwisho, Ndugu Mtendaji, ninyi mnaliweza kuliko mhandisi yeyote.

Halafu kuna kulenga. Fundi mmoja anapanda huku, mwingine kule, kila mmoja na spana na mita, wanasemezana kwa redio ya mkononi au simu ikishika. Wanageuza kidogo kidogo, kushoto kulia, kisha juu chini. Ukikosea digrii moja tu katika kilomita 25, umepiga zaidi ya mita 430 pembeni ya shabaha. Mbaya zaidi, kila dishi lina mwali mkuu katikati na miali midogo pembezoni. Fundi mwenye haraka anaweza kukamata mwali wa pembeni, akaona mita imepanda, akakaza nati na kushuka. Ule wa pembeni ni dhaifu kwa desibeli 20 hivi, yaani mara 100. Kiungo kinawaka, kinapita majaribio ya siku ya jua, halafu mvua ya kwanza ya vuli inakizima. Fundi anayeijua kazi yake anavuka kilele makusudi, anaona mawimbi yanashuka, yanapanda kidogo tena, ndipo anarudi akiwa na hakika kilele cha kweli ni kipi. Kisha analinganisha alichopata na hesabu ya karatasi. Tofauti ya desibeli mbili tatu inavumilika, ya 15 haivumiliki.

Juu ya hayo, masafa ya dishi hayachukuliwi tu. Kila kiungo kinaombewa kibali TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ili kisiingiliane na viungo vya wengine. Kwa hiyo mnara wenye vibao, redio na dishi lililokwisha kulengwa unaweza bado kuwa unangoja karatasi.

Rudi sasa chini, chungulia ndani ya uzio. Je, nguzo ya TANESCO imefika? Kuna mita? Kuna jenereta, au paneli za sola? Vifaa vya kituo vinakula umeme wa volti 48 za mkondo mnyoofu, unaotoka kwenye kigeuzi kinachochaji betri muda wote, ili umeme ukikatika watu wasijue. Kituo cha kijijini chenye huduma za kawaida nakihesabia kilowati 2. Inaonekana kidogo, lakini inawaka usiku na mchana: uniti 48 kwa siku. Kwa sola peke yake, kwa jua la saa tano za nguvu kamili na hasara za njiani, unahitaji paneli za kilowati 12 hivi na betri za kuvuka usiku na siku za ukungu, na ukungu wa Usambara mnaujua wenyewe. Kwa jenereta, hata ndogo inayokunywa lita 2 kwa saa, ikifanya kazi bila kupumzika ni lita 1,440 kwa mwezi, zote zipandishwe kwa barabara ile ile ambayo masika inaikata. Ndiyo maana kampuni nyingi hungoja umeme wa gridi hata kama kila kitu kingine kiko tayari. Mimi naona ni busara. Kituo kinachowashwa kwa jenereta bila mpango wa mafuta huzimika mara kwa mara, na watu wakishahamishia biashara zao kwenye mtandao huo, kuzimika kunawaumiza kuliko kungoja.

Ukikuta kinachongojewa ni gridi, ulizia njia ya nguzo. Mara nyingi laini inapita kwenye mashamba ya watu, na shauri la migomba mitatu au mti wa parachichi linasimamisha kazi kwa miezi bila mtu kuandika popote. Kikao cha halmashauri ya kijiji, wenye mashamba wakiitwa na TANESCO wakiitwa, kinaweza kulimaliza siku moja.

Kuna jambo la chini ya ardhi ambalo hutaliona lakini uliulizie: kinga ya radi. Mnara ni kitu kirefu kuliko vyote kilimani, na radi itaupiga, hilo halina shaka. Kilele kina ncha ya kupokea radi, waya wa shaba unashuka hadi kwenye fimbo zilizozikwa kuzunguka msingi, na kila chuma ndani ya uzio kimefungwa kwenye mzunguko huo mmoja. Tunapima upinzani wa ardhi, na lengo letu ni omu 5 au chini. Kwenye udongo mwekundu wenye unyevu unafika bila taabu. Kwenye mwamba unazika fimbo nyingi zaidi na kuongeza udongo maalumu unaoshika maji. Mwizi anapochimbua shaba hiyo na kuiuza kwa kilo, radi inayofuata inapita ndani ya redio. Kituo kitazimika kwa wiki kadhaa, na anayekuwa karibu na uzio wakati huo yuko hatarini. Ulinzi wa shaba, betri na mafuta ni kazi ambayo kijiji kina sababu zake chenyewe za kuifanya.

Kama umekuta kila kitu kipo, antena, redio, dishi, umeme, na kabati zinavuma, basi mko karibu. Kinachobaki ni kupima na kuunganisha. Kila kiungio cha kebo kinapimwa kama kinarudisha mawimbi. Uwiano wa kipimo hicho (VSWR) ukizidi 1.5 kiungio kinafunguliwa na kufungwa upya, kisha kinavishwa tepu za mpira na za kuzuia jua, kwa sababu maji yakishaingia humo hayatoki. Kisha tunazunguka mnara kwa miguu na simu inayoonyesha namba ya kila upande, kuhakikisha kibao kinachotazama mashariki kimeunganishwa na redio ya mashariki. Kebo kupishana ni kosa la kawaida mno, na kituo chenye kosa hilo kinafanya kazi, ila simu zinakatika kila mtu akitembea kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Wakati huo wa majaribio kituo kinaweza kuwa hewani huku kimezuiliwa, simu za kawaida zisikione. Kikishapita, wahandisi wa makao makuu wanakitambulisha kwa vituo jirani ili simu iliyo mazungumzoni ihame bila kukatika, na ndipo kinafunguliwa.

Naomba nigusie watu watakaopanda. Fundi wa mnara anatakiwa awe na mkanda wa mwili mzima wenye kamba mbili, moja iwe imefungwa kwenye chuma wakati wote, asipande kwenye mvua wala radi, na asipande peke yake pasipo mtu wa kumwokoa. Ukiona kijana anapandishwa bila hivyo, omba kazi isimame na umpigie msimamizi, hata kama kijiji kizima kinaisubiri huduma. Na watoto wakae mbali. Nati ikianguka kutoka mita 45 inafika chini kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa.

Najua pia kutakuwa na wanaouliza kuhusu mionzi, kwa hiyo nawapa hesabu. Upande mmoja wa kituo ukiwa na wati 40, antena ikikusanya nguvu hiyo mara 50 kuelekea mbele, mtu aliye mita 50 katikati kabisa ya mwali anapata kama wati 0.06 kwa kila mita ya mraba. Kikomo cha ICNIRP, tume ya kimataifa inayoweka viwango hivyo, kwa wananchi kwenye megahezi 900 ni wati 4.5, yaani mara 70 ya hapo. Na aliye chini ya mnara hayumo kwenye mwali, kwa sababu unampita juu ya kichwa. Ni kweli kwamba mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la IARC liliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la vitu vinavyoweza kuwa na uhusiano na saratani, likieleza kuwa ushahidi ni finyu. Wananchi wakitaka kipimo cha eneo lao, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo yenye kazi hiyo, na ni haki yao kuomba. Mahali ambapo mtu haruhusiwi kusimama ni juu ya mnara, mbele ya antena iliyowashwa.

Sasa barua. Kwanza tafuta kama mnara wenu unajengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF. Mwezi Mei 2023 serikali na kampuni za simu zilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 chini ya mradi wa Tanzania ya Kidijitali, na vijiji vingi viliingia humo. Kama kata yenu imo, kampuni ina tarehe iliyoahidi kwa mkataba, na barua yenu iende UCSAF kupitia halmashauri ya wilaya, nakala kwa kampuni. Kama haimo, mnara ni wa biashara tupu, na barua iende kwa kampuni ya simu yenyewe na mwenye mnara, nakala TCRA. Kwa vyovyote andika namba ya kituo, ulichokiona juu na ulichokiona chini: "antena tatu zipo, dishi hakuna, nguzo ya umeme imeishia mita mia mbili." Barua ya namna hiyo inamfikia mhandisi anayehusika. Ile inayosema "mtandao hakuna" inazunguka ofisini.

Ambatisha pia muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliokubali ardhi itumike, kama ardhi ni ya kijiji. Nimeona vituo vikikwama kwa sababu familia mbili zinadai kipande kimoja na kampuni inaogopa kuweka mitambo ya mamilioni kwenye mgogoro. Kodi ya pango inalipwa nani, na kwa hati ipi, ni bora lijulikane kabla ya redio kufika kuliko baada.

Lipo moja la mwisho ambalo halitaonekana mpaka siku huduma itakapofunguka. Katika milima, mnara kwenye kilele kirefu kabisa si lazima uhudumie vizuri zaidi. Kutoka juu sana mwali unaweza kuvuka bonde lililo miguuni na kutua kwa watu wa tambarare, kilomita 20 mbali, huku kitongoji kilicho nyuma ya ukingo kikibaki kivulini. Mimi ningechagua bega la mlima linalotazama bonde la watu, hata kama ni mita mia chini ya kilele. Lakini wenu umeshasimama, na bado kuna nafasi ya kurekebisha: antena inaweza kuinamishwa digrii chache, nyingine bila hata fundi kupanda, na inaweza kugeuzwa. Masafa nayo yanatofautiana. Huduma ya megahezi 700, 800 au 900 inajipinda kwenye ukingo na kupenya ukuta wa matofali vizuri kuliko ya 1800 au 2100, kwa hiyo mtu anaweza kupiga simu vizuri mahali ambapo intaneti inasuasua.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ya huduma, watume vijana wawili wenye simu za kawaida wapite kila kitongoji: shuleni, zahanati, sokoni, kisimani, nyumba ya mwisho nyuma ya ukingo. Kila mahali wapige simu moja ya dakika mbili, nje kisha ndani ya nyumba, na waandike ilishika, ilikatika, au haikushika, pamoja na saa. Orodha hiyo mpeni mhandisi wa kampuni kabla timu yake haijakabidhi kituo na kuondoka wilayani, maana wakati huo gari lake, ngazi yake na ruhusa yake ya kupanda bado vipo.